Pombe Haiachwi kwa Kufuli

Kila asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, Nyakio alikamua ng'ombe wao wawili. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mume wake, Kinyanjui. Hapo kijijini Kabazi watu walimjua kwa mkono wake wa upole. Ng'ombe wa jirani akigoma kutoa maziwa, Kinyanjui ndiye aliyeitwa. Alikuja na ndoo yake, akapiga mluzi kidogo, na maziwa yakashuka.

Lakini kwa miaka minne sasa, mikono ya Kinyanjui ilitetemeka kila asubuhi. Haikuweza kushika chuchu za ng'ombe wala kikombe cha chai. Ilitulia tu akishakunywa pombe kidogo. Wanywaji huita jambo hilo kutoa loki. Kinyanjui alitoa loki saa moja asubuhi katika baa ya Sue, pale njia panda. Akishatoa loki alikuwa mtu mzuri sana. Alisalimia watoto wa shule, alirekebisha ua, aliuliza habari za viazi. Kufikia jioni alikuwa amelewa chakari.

Nyakio hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa mwanamke wa kazi, na ulimi wake ulikuwa na makali.

"Mume wangu ana wake wawili," aliwaambia wanawake wa chama chao cha akiba. "Mimi na chupa. Na mke mdogo ndiye anapendwa."

Wanawake walicheka. Nyakio naye alicheka. Akifika nyumbani, hakucheka.

Mwaka huo binti yao, Joan, alipata mchumba. Joan alifundisha watoto wa chekechea huko Kiamunyi, karibu na mji wa Nakuru. Mchumba wake aliitwa Kiarie. Wazazi wa Kiarie walituma habari kwamba wangekuja Kabazi mwezi wa nane kwa ruracio, siku ya kuleta mahari na kuunganisha nyumba mbili. Joan alipaswa kufurahi. Badala yake alikuja nyumbani uso umemvimba kwa kulia.

"Mama, unakumbuka harusi ya mwaka jana? Baba alianguka juu ya meza ya keki. Watu walimrekodi na simu."

"Nakumbuka. Mimi ndiye nilimfuta keki kwa masikio."

"Usicheke, Mama. Mimi nataka baba yangu akae kwa kiti ya baba siku hiyo. Akiwa soba, hajaonja pombe. Kama haitawezekana, nitaambia kina Kiarie wasikuje. Afadhali nisiolewe kuliko nichekwe."

Kinyanjui alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno. Alikuwa amelewa, lakini si sana. Alikaa kwenye kiti, akashika kichwa.

"Nifungieni," alisema. "Kwa stoo ya viazi. Wiki moja mzima kabla wageni hawajafika. Hata mimi nimechoka na hii maisha."

Kaka yake mkubwa, Kahiga, aliitwa. Kahiga alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa sauti kubwa. Mpango huo ulimpendeza kabisa.

"Hapo umeongea kama mwanaume," alisema. "Pombe ni tabia tu. Ukiinyima mlango, inakufa."

Jumamosi jioni, wiki moja kabla ya ruracio, Kinyanjui alikunywa chupa yake ya mwisho. Kisha aliingia stoo mwenyewe, akiwa na godoro, blanketi na redio. Nyakio alifunga kufuli. Kinyanjui alimwambia kupitia ufa wa mbao, "Mama Joan, hata nikilia, usifungue."

Jumapili alilia. Alitetemeka mwili mzima, si mikono tu. Alitokwa na jasho, ingawa Kabazi ilikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili. Alitapika uji, akatapika hata maji. Nyakio alishika ufunguo mfukoni, akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Hiyo ni pombe inatoka," alisema Kahiga, aliyeketi nje ya stoo na Biblia yake. "Wacha itoke. Ukimfungulia, umeharibu kazi."

Nyakio hakufungua. Mume wake alikuwa amemwomba, na shemeji yake alikuwa ameamua. Zaidi ya hayo, tuseme ukweli, moyoni mwake kulikuwa na hasira ya miaka minne. Aliona ni haki aumie kidogo.

Jumatatu asubuhi alimpelekea chai. Alipofungua mlango, Kinyanjui alikuwa amejikunja pembeni, macho yameshangaa.

"Nani ameleta hawa watoto wa mbwa?" aliuliza. "Watoe. Wanakanyaga viazi."

Hapakuwa na mbwa. Kulikuwa na magunia tu.

Wakati huo Jeruto aliingia uani na jagi lake. Jeruto alikuwa muuguzi katika zahanati ya hapo karibu. Kila siku alinunua maziwa kwa Nyakio akienda kazini. Kabla hajasema hodi, walisikia kishindo. Kinyanjui alikuwa ameanguka sakafuni. Mwili wake ulikakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kujipiga chini. Povu lilimtoka mdomoni.

"Mashetani!" alipiga kelele Kahiga, aliyekuwa bado nje ya stoo. "Leteni kijiko, atajiuma ulimi!"

"Hakuna kijiko!" Jeruto alisema. Aliweka jagi chini, akaingia. "Usiweke kitu chochote kwa mdomo. Mama Joan, sukuma hayo magunia asijigonge. Usimshike kwa nguvu. Weka sweta chini ya kichwa. Hivyo."

Alitazama saa yake ya mkononi. Dakika mbili hivi zilipita. Nyakio aliziona kama siku nzima. Kisha mwili ulilegea. Jeruto alimgeuza Kinyanjui alale ubavu ili mate na matapishi yatoke nje, yasimzibe koo.

"Alikunywa mwisho lini?" aliuliza.

"Jumamosi jioni."

"Na alikuwa anakunywa kila siku?"

"Kila siku. Miaka minne."

"Na mkamkatia mara moja?"

"Si ndio kuacha?" alisema Kahiga. "Na hata yeye alitaka!"

Jeruto alimtazama. "Mzee, mngemzika huyu mtu akiwa soba."

Nyakio alitoa ufunguo mfukoni, akautupa chini kana kwamba unachoma. Wakati huo alijichukia sana.

Jirani mmoja alikuwa na pikapu. Walimlaza Kinyanjui nyuma juu ya godoro, wakashuka naye hadi hospitali moja mjini Nakuru. Madaktari walimpa dawa ya kutuliza ubongo, kwa vipimo ambavyo vilipunguzwa kidogo kidogo kila siku. Walimpa pia sindano za vitamini, kwa sababu pombe ya miaka mingi huumaliza mwili. Alilazwa siku nane.

Kwa hiyo siku ya ruracio ilipita baba wa bibi harusi akiwa kitandani. Joan alipiga simu kwa kina Kiarie, akasema ukweli nusu: Baba ni mgonjwa. Baba yake Kiarie alikubali kungoja hadi mwezi wa kumi na mbili. Lakini aliongeza neno moja.

"Ruracio husogezwa mara moja. Mara ya pili, watu huanza kuuliza maswali."

Siku moja kabla ya Kinyanjui kutoka hospitalini, Nyakio na mume wake waliitwa katika chumba cha daktari wa watu wenye shida ya pombe. Aliitwa Kipngeno. Alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka ya kutembea lakini si ya kuongea.

"Mzee, unajua kwa nini ulianguka?" aliuliza.

"Wanasema ni pombe. Lakini sikuwa nimekunywa!"

"Ndiyo sababu yenyewe." Kipngeno alivuta kiti karibu. "Kwa ubongo kuna chembe nyingi sana. Zinaongea kwa kutumiana kemikali. Chembe moja inatuma, nyingine inapokea. Pale pa kupokea panaitwa kipokezi. Kuna vipokezi vya kutuliza ubongo na vya kuuamsha. Pombe inasaidia vile vya kutuliza. Inapunguza nguvu ya vile vya kuamsha. Tuko pamoja?"

"Tuko," alisema Nyakio.

"Sasa ukikunywa kila siku, ubongo unajipanga upya. Unaona unalazwa kila siku, basi unajiamsha kwa nguvu zaidi ndio usilale kabisa. Halafu siku moja pombe inakosekana ghafla. Ile ya kutuliza imeenda. Ile ya kuamsha bado iko, na ni kubwa."

Kinyanjui alifikiri. "Ni kama lori iko kwa mteremko wa Salgaa na breki imeisha."

"Haswa. Ndiyo maana unatetemeka, unaona mbwa ambao hawako, unaanguka. Wengine wanakufa. Mtu anayekunywa kila siku, na asubuhi lazima atoe loki, asiache peke yake nyumbani. Aje hospitali aachishwe polepole na dawa."

Nyakio alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu zamani. Kuuliza si ujinga, alijiambia.

"Daktari, lakini mbona alianza? Na mbona hakuweza kuacha, hata nikimlilia? Ina maana yeye hatupendi?"

Kinyanjui alitazama sakafu.

"Mama, sikiza," alisema Kipngeno. "Kuna vipokezi vingine, vya raha. Mwili unatengeneza kemikali zake za raha. Mtu akikula akiwa na njaa, akicheka na marafiki, zinatoka. Zinakaa kwa vile vipokezi kama wageni kwa viti. Zikikaa, ubongo unasema: hii ni nzuri, rudia. Sasa pombe inaleta hao wageni wengi kwa mara moja. Ukirudia na kurudia, ubongo unajifunza kwamba raha kubwa inapatikana kwa chupa. Vitu vingine vinaonekana baridi. Na hamu inakuja hata kabla chupa haijafunguliwa."

Hapo Kinyanjui aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama mtu anayezungumzia kazi yake.

"Ng'ombe hushusha maziwa akisikia ndoo," alisema. "Hata hujamgusa. Mimi nikisikia chupa za Sue zikigongana, mate inajaa mdomo."

"Hapo umenifundisha mimi," alisema Kipngeno, akacheka. "Nitatumia hiyo kwa wengine. Sasa, Mama, jibu lako ni hili. Mtu anaweza kupenda watu wake na bado miguu impeleke baa. Si udhaifu wa moyo peke yake. Lakini pia si sababu ya kukaa tu. Matibabu iko, na kuyafuata ni kazi yake."

Nyakio alitaka kulia, na wakati huohuo alitaka kumpiga Kinyanjui kofi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimshika mkono.

Kipngeno alitoa paketi ndogo ya vidonge. "Hii inaitwa naltrexone. Inaenda kukaa kwa vile viti vya raha kabla ya wageni. Yenyewe haileti raha. Inakaa tu. Ukikunywa pombe, raha inakuja inakosa pahali pa kukaa. Hamu nayo inapungua polepole."

"Basi tupe hata gunia!" alisema Nyakio.

"Pole pole, Mama. Haifai kila mtu. Tumempima maini kwanza, na tutapima tena. Mtu anayetumia dawa kali za maumivu kama morfini asiiguse. Na haizuii mtu kulewa. Akikunywa chupa kumi ataanguka kama zamani, ila bila utamu. Haizuii pia ile hatari ya kuacha ghafla, ndiyo maana tumeanza na kulazwa. Na kila wiki mbili, Jumanne, mzee anakuja hapa tunaongea. Kidonge bila maongezi ni nusu ya kazi."

Walirudi Kabazi. Kila asubuhi Kinyanjui alimeza kidonge chake na chai, mbele ya Nyakio. Siku za kwanza kilimtia kichefuchefu kidogo, kisha kikazoeleka. Wiki ya tatu alishika ndoo, akaenda kwa ng'ombe. Nyakio alisimama nyuma ya ua akimtazama akikamua. Aliingia jikoni kabla hajaonekana, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Lakini mazoea yana taabu. Mwezi wa kumi, alasiri moja, Kinyanjui alikwenda kuuza ndama njia panda. Alirudi saa ya kukamua. Alisimama mbele ya Nyakio kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nimekunywa," alisema. "Chupa mbili, kwa Sue."

Nyakio aliweka ndoo chini. Hasira yote ya zamani ilirudi mara moja. "Na kidonge cha asubuhi?"

"Nilimeza. Si ulikuwa unaona? Nilikunywa ya kwanza, nikangoja. Hakuna kitu. Nikakunywa ya pili. Kichwa kilizunguka kidogo, lakini ule utamu haukukuja. Ya tatu nimewacha kwa meza haijaguswa. Hata Sue ameniuliza kama niko mgonjwa."

Alikuwa na huzuni ya kweli, kama mtu aliyemtembelea rafiki akaambiwa amehama. Nyakio hakujua acheke au agombane. Alifunga leso kichwani, wakaenda wote wawili hadi kwa Jeruto.

Jeruto aliwasikiliza akiwa anachambua mboga.

"Dawa imefanya kazi yake," alisema. "Na wewe umefanya yako, kwa sababu umesema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa kuna mitego miwili hapo. Wa kwanza, utataka kuruka kidonge ili utamu urudi. Usiruke. Wa pili, utasema, 'Ah, sasa naweza kukunywa bila shida.' Huwezi. Maini haijui kama umeskia utamu au hujaskia. Jumanne uambie Kipngeno yote, usipunguze hata chupa moja."

Kinyanjui alimwambia Kipngeno yote. Walikubaliana asipite tena njia panda peke yake, na biashara ya ndama ifanyiwe nyumbani. Baada ya hapo hakukunywa tena. Si kwamba hamu iliisha. Kuna siku alizunguka boma kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia, na Nyakio alimpa jembe bila kumuuliza kitu.

Mwezi wa kumi na mbili, wageni walifika. Wanawake waliimba langoni. Kulikuwa na maharagwe ya njahi, mukimo wa viazi na nyama ya mbuzi. Wazee wa upande wa Kiarie walileta muratina, pombe ya asali ya Wakikuyu, ndani ya kibuyu kikubwa. Jeruto alialikwa, akapewa kiti mbele. Kinyanjui alikaa kwenye kiti cha baba, koti jeusi limepigwa pasi. Joan alimtazama kila baada ya dakika moja.

Kahiga alimwinamia ndugu yake sikioni, lakini sauti yake haikujua kunong'ona.

"Pembe itakuja. Kunywa kidogo tu, mila ni mila. Na si dawa imekaa kwa viti?"

"Kahiga," alisema Nyakio, "wewe ulisoma somo nusu."

Mila yenyewe ni hii. Pombe ikimiminwa kwenye pembe ya ng'ombe, baba humwuliza binti mbele ya watu wote kama wainywe. Binti akikubali, maana yake amemkubali mume. Hapo baba hunywa kwanza. Binti huulizwa swali hilo kwa desturi tu. Hakuna anayetarajia jibu jipya.

Kinyanjui alisimama, pembe mkononi. Harufu ya asali ilimpanda puani. Nyakio alimwona akimeza mate.

"Joan," aliuliza, "hii pombe ya hawa watu, tuinywe?"

Joan alisimama. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu wa chekechea, wazi na ya polepole.

"Inyweni. Nimekubali Kiarie. Lakini wewe, Baba, usinywe."

Wazee walinung'unika. Mmoja aligonga fimbo chini. Kinyanjui hakukaa.

"Mmesikia," alisema. "Siku ya leo neno ni la binti. Mimi ni mgonjwa wa pombe. Mwezi wa nane hatukusema ukweli wote, mnisamehe. Ninatibiwa. Nikikataa hii pembe, sikatai mtoto wenu." Alimpelekea baba yake Kiarie. "Kunywa wewe, kwa niaba ya nyumba mbili."

Baba yake Kiarie aliipokea pembe. Hakunywa. Aliitazama muda mrefu, mpaka watu wakaanza kutazamana. Nyakio alidhani yote yameharibika. Joan aliuma kidole.

Kisha mzee yule alimvuta Kinyanjui karibu. Aliongea chini kwa chini, lakini Nyakio na Jeruto walikuwa jirani, wakasikia.

"Umetibiwa wapi?" aliuliza. "Kaka yake Kiarie, yule mkubwa, pia ni hivyo. Tumemfungia nyumbani Kiamunyi tangu jana asubuhi, asije akatuaibisha hapa."

Jeruto alikuwa ameshasimama. Kinyanjui aliushika mkono wa mzee.

"Kuna mtu huko na yeye?"

"Shangazi yake. Ana ufunguo."

"Mpigie sasa hivi. Amfungulie, ampeleke ile hospitali ya Nakuru nililazwa, asingoje hata dakika. Mimi na sista Jeruto tutawakuta huko."

Mzee alipiga simu. Jeruto aliichukua simu, akamweleza shangazi la kufanya. Kinyanjui alimwendea Joan, akamweleza kwa maneno machache. Joan alimkumbatia mbele ya wageni wote.

"Enda, Baba," alisema. "Tutakuwekea nyama."

Sherehe iliendelea. Kahiga ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba, kimya kuliko siku zote. Saa kumi jioni simu ya Nyakio ililia.

"Tumemkuta akitetemeka," alisema Kinyanjui, "lakini anaongea. Daktari amesema amefika kwa wakati. Mwambie baba yake hivyo. Mwambie sasa, apate kula kwa amani."